Kudhamini si kuthamini: Mizizi ya Kiarabu inavyotenganisha maneno yanayotatiza

Mtu anayeandika katika hati ya shamba kwamba ndugu zake "wamerithi" ilhali alinuia kusema "wameridhi" hajakosea herufi moja tu. Amebadilisha wenye mali. Kauli ya kwanza inasema kuwa ndugu hao wamepokea ardhi iliyoachwa na marehemu. Kauli ya pili inasema kuwa wamekubali jambo fulani, yamkini hata kumwachia yeye peke yake ardhi hiyo. Wakili hodari akiipata karatasi kama hiyo miaka 20 baadaye, atakuwa na mengi ya kuieleza mahakama.

Maneno ya aina hii ni mengi katika Kiswahili, na uzito wake umezidi kuongezeka nchini Kenya. Kifungu cha 7 cha Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na vilevile kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi ndiyo lugha ya mikataba, matangazo ya serikali na viapo. Shuleni, wanafunzi hukaririshwa orodha ndefu za maneno yanayotatiza, kisha huzisahau pindi tu mtihani unapokwisha, kwa sababu orodha haielezi ni kwa nini neno hili lina "th" na lile lina "dh". Anayejifunza Kiingereza hushauriwa atazame Kilatini ili ajue kwa nini maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti yana maana mbalimbali. Kwa msemaji wa Kiswahili, kazi hiyo aghalabu hufanywa na Kiarabu.

Neno la Kiarabu kwa kawaida hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Irabu zinazoingizwa katikati na viambishi vinavyotangulia ndivyo vinavyozalisha maneno mbalimbali, lakini konsonanti zile tatu husalia palepale. Kutokana na k-t-b, ambao ni mzizi wa kuandika, Kiswahili kimepata kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Hakuna haja ya kujua Kiarabu ili kuona kwamba maneno hayo manne ni ya ukoo mmoja. Ni ukoo huo unaoweza kutumiwa kama kipimo: neno linapotatiza, msemaji hulitafutia ndugu ambaye hana shaka naye.

Matatizo yalianza pale maneno hayo yalipovuka bahari. Alfabeti ya Kiarabu ina herufi 28, na baadhi yazo zinawakilisha sauti ambazo Waswahili hawakuwa nazo, wala hawakuona sababu ya kujitaabisha nazo. Herufi tatu tofauti, yaani dhal, dhad na dha, zote zikawa "dh". Aina tatu za "h", ikiwemo ile ya kukwaruza kooni iliyokuwa ikiandikwa "kh", zikawa "h" moja. Sauti mbili za "s" zikaungana, mbili za "t" zikaungana, na kaf na qaf zikawa "k". Herufi ya ain, ambayo Mwarabu huitoa kooni kabisa, ikapotea. Wakati Kiswahili kilipoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ilivyokuwa kwa karne kadhaa katika miji ya pwani, tofauti hizo mara nyingi zilionekana kwa macho hata kama hazikusikika. Hati za Kirumi zilizifuta. Kufikia mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipoamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, hati za Kirumi ndizo zilizokuwa zikitumika shuleni na serikalini, na kwazo "dh" ni "dh" tu.

Sauti iliyonusurika kuunganishwa ni "th", inayotokana na herufi moja pekee ya Kiarabu. Kwa hivyo msemaji wa pwani hatatizwi na "th" na "dh". Anayetatizwa ni yule ambaye lugha yake ya kwanza haina tofauti hiyo, au ina mazoea mengine ya kuandika. Katika Gikuyu, mathalani, herufi "th" huwakilisha sauti iliyo karibu sana na "dh" ya Kiswahili. Ndivyo linavyotamkwa jina la mji wa Thika na jina la Muthoni. Mtoto aliyezoea hivyo akikuta "thamini" kitabuni ataisoma "dhamini" bila kusita, na hakuna wa kumlaumu. Wengine hawana sauti zote mbili, nao huziweka "s", "t", "d" au "z" mahali pake.

Basi na tuanze na jozi hiyo. Kuthamini kumetokana na th-m-n, mzizi wa bei. Nduguye wa karibu ni thamani. Konsonanti zizo hizo ndizo zilizo katika hesabu ya nane kwa Kiarabu, ambako Kiswahili kimetoa themanini, na pia thumni, yaani sehemu moja kwa nane, jina ambalo baadaye lilibandikwa sarafu ya senti 50. Kudhamini nako kumetokana na dh-m-n, mzizi wa kubeba jukumu la mtu au kitu. Nduguye ni dhamana. Kwa hiyo mthamini ni mtaalamu anayekadiria bei ya ardhi au nyumba, na mdhamini ni yule anayejifunga kwa niaba ya mwingine. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti yanayofaa anaposubiri kushtakiwa au kusikilizwa kwa kesi, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Mdhamini wa mshtakiwa anaweza kupoteza mali yake iwapo mshtakiwa atatoroka. Mthamini wa mshtakiwa, kama angekuwako, angekuwa mtu anayeulizwa mshtakiwa huyo ni wa shilingi ngapi. Hata hivyo, kurasa za michezo hazikosi kampuni "iliyothamini" ligi, kosa ambalo halina madhara makubwa kwa kuwa kila mtu anaelewa kuwa kampuni hiyo imetoa fedha. Madhara hutokea pale serikali inapotwaa ardhi ili kujenga barabara, na mwenye shamba akaelezwa kwa maandishi kuwa atatembelewa na "mdhamini".

Jozi ya ridhi na rithi imekwisha kutajwa. Ridhi imetoka kwenye r-dh-y, nayo ina ndugu wengi: radhi, ridhia, ridhaa, ridhika na maridhiano. Rithi imetoka kwenye w-r-th. Herufi ya kwanza imedondoka njiani, lakini yaonekana katika neno warithi, na "th" yake imo katika urithi na mirathi. Yeyote anayejua kwamba Kifungu cha 170 kimezipa mahakama za Kadhi mamlaka ya kuamua masuala ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na anayelitamka neno mirathi ipasavyo, hawezi kukosea katika kurithi. Ajihadhari tu asilichanganye neno hilo na maradhi, ambalo mzizi wake ni m-r-dh. Katika maradhi, "m" ni sehemu ya mzizi wenyewe. Katika mirathi, "m" ni kiambishi tu kilichotangulizwa mbele.

Jozi ya tatu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika vyumba vya habari. Wizara ikitangaza kuwa imethibitisha kipindupindu katika mji fulani, wakazi wana sababu ya kuchemsha maji. Ikitangaza kuwa imedhibiti kipindupindu katika mji huo, wana sababu ya kushusha pumzi. Taarifa hizo mbili karibu zinapingana. Thibitisha ni ya th-b-t, mzizi wa kukaa imara pasipo kutikisika. Humo mmetoka thabiti, ithibati, na hata thubutu. Dhibiti ni ya dh-b-t, ambao "t" yake kwa Kiarabu ni ile nzito, nao ni mzizi wa kushika barabara na kutoachilia. Ndugu yake anayejulikana sana ni madhubuti. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa kitu kilichoshikwa barabara na kitu kisichotikisika hukaribiana mno kimaana. Ndiyo sababu mtu anaweza kusifiwa kwa msimamo thabiti na pia kwa msimamo dhabiti, na pasiwe na kosa lolote katika sifa zote mbili. Lakini ukaribu huo huishia kwenye sifa. Katika vitenzi, mwanya ni mpana.

Ugumu ni wa aina nyingine pale ambapo mizizi miwili ya Kiarabu imeishia kuandikwa kwa herufi zilezile. Hadhara na hadhari hutofautiana kwa irabu moja ya mwisho, na mwanafunzi angesamehewa kudhani kuwa ni neno moja lililonyambuliwa. Sivyo. Hadhara hutokana na mzizi ulioandikwa kwa dhad, wenye maana ya kuwapo mahali. Kutokana nao kuna kuhudhuria, mahudhurio, hadhira, mhadhara na mhadhiri. Hadhari hutokana na mzizi ulioandikwa kwa dhal, wenye maana ya kujilinda, na ndugu zake ni tahadhari na kutahadharisha. Mwanasiasa anayezungumza hadharani si lazima awe anazungumza kwa hadhari, kama inavyodhihirika kila msimu wa kampeni.

Adabu, adhabu na ghadhabu nayo si maneno ya mama mmoja. Adabu ni ya mzizi wa malezi mema, na humo mna kuadibu na adibu. Adhabu ni ya mzizi wa mateso, unaoanza kwa ile ain iliyopotea, na kitenzi chake ni kuadhibu. Ghadhabu ni ya mzizi wa tatu kabisa, wa hasira. Matumizi ya Waswahili ndiyo yaliyoyasogeza maneno hayo pamoja, kwani "kumtia mtu adabu" kwa miaka mingi kulimaanisha kumchapa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini kauli hiyo ingali hai, na wanaoandika "mwalimu alimwadhibu" wakinuia "alimwadibu" hawajakoma.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba haki na hakimu hawana nasaba. Hakimu, hukumu, hekima na mahakama zote ni za mzizi wenye kaf, ambao maana yake ni kuamua na kutawala kwa busara. Haki, hakika, uhakika, hakikisha na hakiki ni za mzizi wenye qaf, wa ukweli usiopingika na kile ambacho mtu anapaswa kupata. Kiswahili kimezifanya sauti hizo mbili kuwa "k" moja, na sasa inaonekana kana kwamba hakimu amepewa jina lake kutokana na haki. Kihistoria hakimu ametokana na hukumu, iwe ya haki au isiwe.

Mzizi huo wa haki unajitokeza tena mahali ambapo si rahisi kuutambua. Kiarabu kina kiambishi ambacho katika Kiswahili husikika kama "sta" mwanzoni mwa kitenzi. Kikiondolewa, mzizi hubaki wazi. Stahiki ikiondolewa kiambishi hicho hubaki na haki: anayestahiki kitu ana haki nacho. Stahili hubaki na neno ahali, yaani jamaa au watu wa mahali: anayestahili jambo ni mtu wa jambo hilo, linamfaa naye analifaa. Stahi hubaki na haya: anayemstahi mzazi wake huona haya kufanya ovu mbele yake. Kutokana na hayo, mfanyakazi anastahiki mshahara wake wa mwisho wa mwezi, mchezaji aliyefunga mabao matatu anastahili kusifiwa, na wazee wote wawili wanastahiwa. Ni kweli kwamba wasemaji wengi, na hata kamusi, huruhusu stahili na stahiki zipishane. Hata hivyo, mwandishi wa mkataba wa kazi atafanya vyema kushikilia stahiki, kwa kuwa haki imo ndani ya neno lenyewe. Mameya wa miji ya Kenya, kabla ya nyadhifa zao kukoma kufuatia uchaguzi wa 2013 na kuanza kwa serikali za kaunti, waliitwa "Mstahiki Meya". Kwa umbo lake, cheo hicho ni cha mwenye haki ya kitu, ingawa waliokitumia walikusudia heshima, yaani stahi.

Hata hivyo, si kila "st" ni kiambishi. Katika stara na sitiri, "s" na "t" ni za mzizi wenyewe, s-t-r, wa kufunika. Neno mstari linafanana nao sana lakini ni la mzizi mwingine, wenye ile "t" nzito, unaohusu safu ya maandishi.

Kuhusu "h", mfano maarufu uko katika mojawapo ya methali fupi kabisa: Hasira hasara. Utamu wa methali hiyo ni kuwa maneno yake mawili yanasikika kama pacha, lakini ni wageni waliokutana katika Kiswahili. Hasira imetokana na mzizi wa majuto na uchungu wa moyo. Kwa Kiarabu ni huzuni ya mtu aliyekosa kitu, na ni Waswahili walioigeuza kuwa ghadhabu. Hasara ina ile "kh" ya kukwaruza, nayo ni ya mzizi wa kupoteza katika biashara. Kwa Mwarabu maneno hayo huanza kwa herufi mbili mbali mbali, na methali ingepoteza nusu ya ladha yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa hisa, hisi na hasa. Hisa ni fungu la mali. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh5 kila moja, Wakenya wengi walilitumia neno hilo kwa mara ya kwanza. Hisi na hisia ni za mzizi wenye "s" nyepesi, wa kutambua kwa mwili au moyo. Hasa ni ya "kh", pamoja na husu, hususan na mahususi. Mwenye hisa anaweza kuwa na hisia kali bei inaposhuka, lakini hana hisia katika kampuni.

Safari, sifuri na sufuria ni mchezo wa kupendeza zaidi. Safari ni ya "s" nyepesi. Sifuri na sufuria zina "s" nzito: sifuri ni utupu, na sufuria imepewa jina kutokana na shaba ya manjano iliyotumiwa kufua vyombo vya kupikia. Neno la Kiarabu lililozaa sifuri lilisafiri pia kaskazini. Fibonacci, mwanahisabati wa Pisa, aliliandika kwa Kilatini kama zephirum katika kitabu chake cha mwaka 1202, na hatimaye likawa zero la Waingereza. Kwa hivyo mwanafunzi anayeandika sifuri katika daftari la Kiswahili na zero katika daftari la Kiingereza ameandika neno lile lile mara mbili.

Kuna pia hatari ya kujitia ujuzi. Baadhi ya watu, kwa kuchelea kuonekana washamba, huimwaga "dh" kila mahali, hata ambapo "z" ndiyo haki yake. Husikika wakisema "dhawadi" na "dhiara", na kiongozi aliyekwenda Kisumu kwa nia njema huripotiwa kuwa "aliudhuru" mji huo. Kuzuru ni kutembelea, kutokana na z-w-r, mzizi wa ziara. Kudhuru ni kutia madhara, na ni ndugu wa dharura. Hali kadhalika azimio na adhimisho. Azimio ni la mzizi wa kukata shauri, pamoja na azma na kuazimia, na ndiyo sababu uamuzi wa chama cha TANU wa mwaka 1967 ukaitwa Azimio la Arusha. Adhimisho ni la mzizi wa ukubwa na utukufu, pamoja na adhimu na taadhima. Kila Juni 1, Wakenya huadhimisha Madaraka. Wakiiazimia, watakuwa ndiyo kwanza wanapanga kuipata.

Kipimo cha mizizi kina mipaka yake. Maana hubadilika, kama ilivyobadilika ile ya hasira, na matumizi ya wasemaji ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mizizi miwili inaweza kufanana kabisa na maana zisikutane kwa urahisi, kama dini na deni, ambazo kwa Kiarabu zina konsonanti zizo hizo. Madini, kinyume na inavyoweza kudhaniwa, hayamo katika ukoo huo: mzizi wake unaanza kwa ain. Aidha, yapo maneno ya Kibantu yanayofanana na ya Kiarabu kwa sadfa tu. Kitenzi kukata kinafanana ajabu na kitenzi cha Kiarabu chenye maana iyo hiyo, lakini kimo katika lugha nyingi za Kibantu ambazo hazikuwahi kukutana na Mwarabu. Nayo sifa ya uzuri haihusiani kamwe na kuzuru.

Dalili nzuri ya kuanzia ni sauti zenyewe. Katika Kiswahili Sanifu, takriban kila neno lenye "th", "dh" au "gh" lina asili ya Kiarabu, ukiondoa machache ya majuzi kama themometa, na kwa maneno hayo inafaa kutafuta ndugu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 huonyesha asili hiyo kwa maneno mengi, na ingali inapatikana katika maktaba kadhaa. Lakini kwa anayefua nguo na kusema kuwa anazivua, au anayevua samaki na kuandika kuwa anawafua, Kiarabu hakina msaada wowote. Hayo ni maneno ya Kibantu, na dawa yake ni kumsikiliza anayeyatamka vizuri.